Disney World au Universal Orlando: chagua kwa kuangalia foleni

Likizo za shule zikikaribia, familia zetu nyingi zilizoko Marekani na Kanada huanza kupanga safari ya Orlando, mji wa Florida wenye bustani kubwa za burudani, na mjadala huwa mmoja: watoto tuwapeleke Disney au Universal? Wanaoshauri huanza na michezo ya kupanda. Huku kuna ngome ya Cinderella, kule kuna Harry Potter. Ushauri huo hausaidii sana, kwa sababu pande zote mbili zina michezo mizuri kuliko mtu anavyoweza kuimaliza kwa siku mbili. Tofauti kubwa iko kwenye saa zako. Tiketi ni ghali, siku ni fupi, na sehemu kubwa ya siku hiyo utaitumia ukiwa umesimama. Basi nawalinganisha kwa mambo hayo: foleni inakwendaje, mchezo ukifungwa ghafla unapata nini, na umati ukijaa wanaugawaje.

Tujue kwanza tunalinganisha nini. Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1971 na ina bustani nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Zimetawanyika, huwezi kutembea kwa miguu kutoka Magic Kingdom hadi Animal Kingdom. Universal Orlando ilianza mwaka 1990 na Universal Studios Florida, ikaongeza Islands of Adventure mwaka 1999, bustani ya maji ya Volcano Bay mwaka 2017, kisha Epic Universe tarehe 22 Mei 2025. Zile mbili za zamani ziko jirani kabisa. Epic iko mbali kidogo, utahitaji gari au basi.

Jambo hilo la umbali linagusa foleni kuliko watu wanavyofikiri. Ukienda Magic Kingdom kwa gari lako, unaegesha kwenye kituo cha usafiri upande wa pili wa ziwa, kisha unapanda monoreli au pantoni kuvuka. Asubuhi yenye watu wengi, ukijumlisha maegesho, ukaguzi wa mikoba na kivuko, saa nzima inaweza kuyeyuka kabla hujaona mchezo hata mmoja. Kwa bustani mbili za zamani za Universal, unaegesha kwenye jengo la ghorofa, unakaguliwa, unatembea. Mwenye watoto wadogo alihesabu hilo mapema.

Kwa nini foleni inarefuka

Urefu wa foleni hautokani na umaarufu wa mchezo peke yake. Kuna michezo inayomeza watu na mingine inayowadondoa. Haunted Mansion ya Magic Kingdom ina mlolongo wa viti usiokatika, watu wanaingia na kutoka huku mkanda ukitembea, kwa hiyo hata foleni yake ikionekana ndefu inasogea. Peter Pan's Flight, iliyopo pale tangu 1971, ina vyombo vidogo vinavyobeba watu wachache. Haina kasi, haitishi, na bado foleni yake huwa miongoni mwa zinazochosha zaidi. Ndiyo maana mwaka 2012 Disney waliongeza mchezo wa pili wa Dumbo, yule tembo anayeruka, pembeni ya ule wa kwanza: mchezo ni uleule, idadi ya wanaopanda ikawa maradufu.

Halafu kuna foleni ya kulipia, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Chukua mfano wa rolakosta, yaani treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi, yenye treni za watu 24, treni moja ikiondoka kila dakika. Kwa saa moja inabeba watu 1,440. Kama mbele yako wamesimama watu 440, na hakuna foleni nyingine, utapanda baada ya dakika kama 18. Sasa weka foleni ya pili ya waliolipa, na useme watu 1,000 kati ya wale 1,440 wa kila saa wanatoka huko. Wewe na wale 440 wa mbele yako mmebakiwa na nafasi 440 kwa saa. Dakika 18 zimekuwa 60, na hakuna aliyeongezeka mbele yako. Pale foleni mbili zinapokutana anasimama mhudumu, naye anafanya kazi ya trafiki wa njia panda: anaita upande mmoja, anaita, anaita, huku upande wenu mmezima injini.

Mfano huo ni hesabu tu, lakini ndivyo mambo yanavyokwenda Disney na Universal pia. Kinachowatenganisha ni nani anaingia kwenye foleni ile ya pili, na kwa masharti gani.

Disney: panga mapema, shika simu

Kuanzia 1999 Disney walikuwa na FastPass, pasi ya kupita foleni ya haraka, na ilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi. Ilikoma bustani zilipofungwa kwa korona mwaka 2020. Oktoba 2021 wakaja na pasi ya kulipia, Genie+, kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, na Julai 2024 jina likabadilika kuwa Lightning Lane Multi Pass. Nasema wazi kwamba hili linaniuma. Kitu kilichokuwa haki ya kila mgeni kimegeuzwa bidhaa, na asiyenunua anabaki na foleni iliyo polepole kuliko ile ambayo wazazi waliokwenda zamani walimsimulia.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unachagua michezo mitatu kabla ya siku yako, kila mmoja na saa yake ya kufika. Mgeni wa hoteli za Disney anaruhusiwa kuchagua siku saba kabla, wengine siku tatu kabla, na dirisha linafunguka saa 1 asubuhi kwa saa za Florida. Ukishatumia nafasi ya kwanza unaongeza nyingine. Kila mchezo unaupata mara moja kwa siku. Katika bustani tatu kuna makundi, kwa hiyo huwezi kuchukua michezo mitatu inayogombewa zaidi. Ile inayotafutwa kuliko yote, kama Cosmic Rewind kule EPCOT au Rise of the Resistance kule Hollywood Studios, inauzwa peke yake kama Single Pass. Bei zote hupanda na kushuka kulingana na siku na bustani. Na mwishoni mwa 2024 wakaanzisha Premier Pass, unayopitia foleni ya haraka ya kila mchezo mara moja bila kupangiwa saa. Bei zilizotangazwa mwanzoni zilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu kwa siku, tiketi ya kuingilia ukilipa kando. Familia ya watu watano ipige hesabu yenyewe.

Faida ya mfumo huu ni kwamba mtu mwenye nidhamu ya kupanga anavuna. Hasara yake ni simu. Mzazi mmoja atashinda siku nzima akibonyeza, betri ikiisha ratiba imekwisha. Kama katika msafara wenu hakuna anayependa kazi hiyo, hilo tu linatosha kuwasukuma upande wa pili.

Mgeni wa hoteli yoyote ya Disney anaingia dakika 30 kabla ya wengine, kila siku, katika bustani zote nne. Nusu saa hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo nusu saa yenye thamani kubwa katika siku nzima. Ukiwa umesimama langoni mapema, mchezo ambao saa 6 mchana ungekugharimu saa moja na nusu unaweza kuupanda kwa dakika chache.

Universal: lipa zaidi, au lala kwao

Universal wana Express Pass. Haina saa ya kupangiwa wala dirisha la asubuhi. Unafika kwenye mchezo unaoshiriki, unaonyesha pasi, unaingia foleni fupi. Kuna ya mara moja kwa kila mchezo na kuna ya kurudia utakavyo. Siku za msongamano bei yake inaweza kuzidi hata tiketi ya kuingilia, na naona ndiyo sababu mojawapo foleni yao ya haraka huwa haijazi kama ya Disney.

Kuna njia ambayo familia nyingi hazijui. Hoteli tatu za Universal za daraja la juu, yaani Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific, zinampa kila aliyeandikishwa chumbani Express ya kurudia bila kikomo, kwa bustani mbili za zamani, kuanzia siku ya kuingia hotelini hadi siku ya kuondoka. Maana yake usiku mmoja unazaa siku mbili. Wakiwa watu wanne chumbani, gharama ya chumba ghali ikilinganishwa na kununua pasi nne kwa siku mbili, mara nyingi chumba kinashinda. Ila zingatia: ofa hiyo haifiki Epic Universe. Watu wamelipa hoteli hizo wakidhani wamemaliza, kisha wakafika Epic wakakuta foleni inawasubiri kama kila mtu.

Asiye na fedha za ziada naye Universal wamemfikiria, kwa foleni ya mpandaji mmoja mmoja. Mnaachana mlangoni, kila mtu anajaza kiti kilichobaki wazi. Rolakosta za Hagrid's na VelociCoaster zinayo, na mchezo wa Forbidden Journey pia. Kwa vijana wa miaka 14 na kuendelea ni dawa nzuri kabisa. Disney nako ipo, kwa mfano Expedition Everest na Smugglers Run, lakini michezo yenyewe ni michache.

Mchezo ukifungwa ghafla

Hapa ndipo watu hukasirika zaidi, na mara nyingi kwa kutojua kinachoendelea. Njia ya rolakosta imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu treni mbili kuwa katika kipande kimoja. Kihisio kimoja kikitoa taarifa isiyoeleweka, mfumo unasimamisha kila kitu hadi fundi athibitishe. Mgeni anaona "umeharibika". Kilichotokea ni mfumo wa usalama kufanya kazi yake. Kadiri mchezo unavyokuwa mpya na wenye mitambo mingi, ndivyo unavyosimama mara nyingi. Tiana's Bayou Adventure, uliofunguliwa Magic Kingdom Juni 2024 mahali palipokuwa Splash Mountain, ulisimama sana katika miezi yake ya mwanzo. Hagrid's ulipofunguliwa Juni 2019 foleni ya siku ya kwanza ilifikia kusubiri kwa muda wa saa kumi.

Tofauti ya pande mbili iko kwenye fidia. Disney, kama ulikuwa na nafasi ya Multi Pass na mchezo ukafungwa katika saa yako, programu ya simu inakubadilishia yenyewe: unapata pasi ya kutumia kwenye michezo mingine kadhaa, au hapo hapo ukifunguliwa tena. Huna haja ya kubishana na mtu. Universal, mwenye Express hapotezi kitu, anakwenda mchezo mwingine na kurudi baadaye, kwa kuwa hakupangiwa saa. Anayeumia pande zote mbili ni aliyesimama foleni ya kawaida. Akishasubiri dakika 50 na mchezo ukafungwa, anaweza kutolewa nje mikono mitupu. Wakati mwingine wahudumu hugawa pasi za kurudi, lakini usiitegemee kama haki.

Jambo moja la kuangalia Disney: mchezo uliofungwa kwa muda wa saa mbili ukifunguliwa, wote waliobadilishiwa nafasi wanarudi kwa pamoja kupitia foleni ya haraka. Ubao unaweza kusema dakika 40, nawe ukasimama zaidi. Kama uko jirani na umeona umefunguka dakika hiyo hiyo, kimbilia. Kama umechelewa nusu saa, heri uende kwingine.

Septemba 2025 mtu aliyepanda Stardust Racers, rolakosta ya Epic Universe, alifariki, na mchezo ukafungwa hadi Oktoba. Nalitaja kwa heshima ya aliyeondoka, na kwa sababu mgeni anayemfokea mhudumu mchezo ukisimamishwa kwa ukaguzi anapaswa kujua kinacholindwa ni nini.

Kufungwa kwa matengenezo ni habari nyingine, maana hutangazwa mapema. Angalia kalenda kabla ya kulipa chochote. Rolakosta ya Big Thunder Mountain ya Magic Kingdom ilifungwa Januari 2025 kwa ukarabati wa mwaka mzima na zaidi. Julai 2025 mto wa Rivers of America hapo hapo Magic Kingdom, pamoja na meli yake na kisiwa cha Tom Sawyer, ulifungwa moja kwa moja. Wengi walisema hayo ni mambo ya wazee, hayana hasara. Mimi nasema hasara ipo: sehemu tulivu ndizo zilizokuwa zikichukua watu waliochoka, na zikiondoka watu hao hao wanaongezeka kwenye njia na foleni nyingine. Animal Kingdom, yenye michezo michache tangu zamani, ilianza kufunga eneo lake la DinoLand kipande kwa kipande tangu Januari 2025, na kila mchezo unaofungwa pale unahisika. Universal nao waliifunga rolakosta ya Rip Ride Rockit Agosti 2025 kupisha rolakosta mpya.

Mvua na radi

Kuanzia Juni hadi Septemba, alasiri za Florida ya kati ni za radi. Radi ikikaribia, michezo ya nje inafungwa, na haifunguliwi hadi wingu lipite. Tiketi hairudishwi kwa sababu ya mvua. Katika hili Disney wana nafuu kwa kuwa na mambo mengi ya ndani: Space Mountain, Pirates of the Caribbean, Haunted Mansion, Cosmic Rewind, Rise of the Resistance na Flight of Passage vyote viko chini ya paa. Islands of Adventure inaumia, maana vivutio vyake vikubwa viwili, VelociCoaster na Hagrid's, viko nje. Epic nayo, Stardust Racers na Hiccup's Wing Gliders hukumbwa na radi, huku Mario Kart na Battle at the Ministry zikiendelea ndani. Kwa safari ya kiangazi, popote unapokwenda, michezo ya nje ifanye asubuhi.

Mwenye mtoto mchanga, mwenye mgonjwa

Vimo vinaamua mengi. VelociCoaster inataka sentimita 130, Hagrid's 122. Mtoto wa miaka minne hataigusa. Magic Kingdom ina michezo mingi isiyo na kikomo cha kimo, na rolakosta ya Seven Dwarfs Mine Train inataka sentimita 97 tu.

Wazazi wanaopokezana mtoto wanahudumiwa pande zote mbili, kwa njia tofauti. Disney, nusu ya familia inapanga foleni na nusu inabaki nje na mtoto, kisha waliobaki wanaingia kwa foleni ya haraka. Universal familia yote inapanga pamoja hadi karibu na mchezo, kunakuwa na chumba cha kusubiria, mmoja akirudi mwingine anapanda hapo hapo. Mwenye mtoto anayelia atapendelea njia ya Disney. Mwenye mtoto anayelala mgongoni, Universal inamaliza haraka.

Kwa mwenye ulemavu, tahadhari. Mei 2024 Disney walibana huduma yao ya kusubiri nje ya foleni, ikalenga hasa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji, na maombi hufanywa kwa mahojiano ya video. Mzee mwenye magoti mabovu huelekezwa achukue kiti cha magurudumu na kupita foleni ya kawaida. Universal wanataka ujisajili kwanza mtandaoni na shirika la IBCCES angalau saa 48 kabla ya kufika, kisha unazungumza nao. Yote mawili yashughulikie ukiwa nyumbani. Langoni utachelewa.

Nani aende wapi

Mtoto wenu mdogo kuliko wote akiwa chini ya miaka saba, nendeni Magic Kingdom, mkiwa mmelala hoteli ya Disney hata iwe ile ya bei nafuu, kwa ajili ya ile nusu saa ya asubuhi na zile siku saba za kuchagua. Multi Pass inunueni kwa Magic Kingdom, ambako michezo inayoshiriki ni mingi. Kwa Animal Kingdom sioni haja, fikeni mapema tu.

Mtoto wenu mdogo kuliko wote akiwa amevuka sentimita 122, na mna siku mbili, nendeni Universal, usiku mmoja katika zile hoteli tatu, bustani mbili za zamani. Hakuna mpango mwingine Orlando unaopunguza kusimama kiasi hicho. Epic iwekeni siku yake ya pekee, bila kutegemea hoteli.

Mfuko ukiwa mwembamba na hakuna pasi itakayonunuliwa, Universal bado ina nafuu kwa vijana kwa sababu ya foleni za mpandaji mmoja. Mwenye bibi kutoka nyumbani ampeleke EPCOT: kuna nafasi, viti, vyakula vya mataifa, na mchezo mmoja au miwili ukifungwa siku haiharibiki.

Tarehe nazo zina uzito sawa na uchaguzi wa bustani. Wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya ikwepeni mkiweza, pia Pasaka na likizo za Machi. Mwisho wa Agosti na Septemba shule za Florida zimeshafunguliwa, watu hupungua, ingawa joto na radi vipo. Angalieni kalenda ya sherehe: usiku wa Halloween au Krismasi wenye tiketi yake, Magic Kingdom inawatoa wageni wa kawaida saa 12 jioni, na kwa sababu hiyo wengi huikwepa siku hizo, mchana unakuwa mwepesi. Universal Studios Florida nayo hufunga mapema siku za Halloween Horror Nights, sherehe za usiku za kutisha, na usiku huo si wa watoto. Na popote mtakapokuwa, mchezo mmoja uwekeni wa mwisho: aliyeingia foleni hata dakika moja kabla ya saa ya kufunga anaruhusiwa kupanda, na muda unaoandikwa kwenye ubao saa hizo mara nyingi huwa mkubwa kuliko mtakaosimama.